Kazini naendesha vikao, kwetu naitwa Bubu: yupi ndiye mimi?

"Nina miaka 34. Tangu nikiwa mdogo ukoo mzima umeniita Bubu. Ulikuwa utani tu, hapakuwa na ubaya, lakini jina lilinikaa. Shuleni sikunyoosha mkono hata nilipojua jibu. Nilipoanza kazi mbali na nyumbani mambo yakageuka. Leo naongoza timu ya watu 11, naendesha vikao, na wenzangu wakisikia niliwahi kuwa mkimya wanacheka. Tatizo ni nikirudi kwa wazazi. Siku ya pili tu nimeshakuwa yule wa zamani. Nikiulizwa swali mezani, dada yangu mkubwa ananijibia, nami nanyamaza kana kwamba hiyo ni kazi yake. Mume wangu ameniona sehemu zote mbili, na juzi akaniuliza kwa utani ni wapi ninapoigiza. Sikucheka. Je, mimi wa kweli ni yupi? Ukimya huu ni damu, au nilitengenezwa na watu? Nauliza pia kwa sababu binti yetu ana miaka 6 na ni mkimya mbele ya wageni. Likizo iliyopita nilimsikia shangazi yangu akimwita Bubu Mdogo. Nilitaka kusema kitu, nikashindwa. Naweza kumwepusha na njia niliyopita, au ameshazaliwa hivyo? Na mimi mwenyewe, nimeshachelewa?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimesimama mahali pamoja: dada yako anakujibia mezani, nawe unanyamaza kana kwamba hiyo ni kazi yake. Nitarudi hapo, maana sehemu kubwa ya jibu uliiandika mwenyewe bila kujua. Kwanza niseme nilivyokuelewa. Ukimya wenyewe sioni kama ndio unaokusumbua. Unachoogopa ni kwamba mmoja kati ya hawa wanawake wawili, yule wa vikao na yule wa mezani kwa wazazi, ni wa uongo; na kwamba aliye wa kweli ni yule mnyonge, na binti yako ameshamrithi.

Tuanze na damu au watu. Wahenga hawakutusaidia sana hapa, walituachia methali mbili zinazopigana. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, kisha hao hao wakasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tumeishi na zote mbili kwa amani kwa kuwa kila moja ina siku yake: mtoto wa jirani akikosea tunachomoa ya kwanza, wetu akifaulu tunachomoa ya pili. Watafiti nao walivutana hivyo kwa miaka mingi, na walioleta nafuu kidogo ni mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa wana vinasaba vilevile, yaani chembe zilezile za urithi. Wasiofanana wanashirikiana vinasaba kama ndugu wengine wowote. Ukiyalinganisha makundi hayo mawili, na hasa ukiwapata mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga, kama walivyofanya watafiti wa Minnesota, Marekani, kuanzia mwaka 1979, unaweza kukadiria urithi unachangia kiasi gani katika haiba, yaani namna mtu alivyo na anavyotenda. Tafiti nyingi zikijumlishwa, jibu huangukia kati ya asilimia 40 na 50.

Namba hiyo imepotosha watu wengi, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Haisemi kwamba asilimia 40 ya ukimya wako ilitoka kwa wazazi na iliyobaki ukaongezewa na majirani. Inaeleza kwa nini watu wengi wakiwekwa pamoja hawafanani. Kwa mtu mmoja swali hilo halina jibu, kama vile huwezi kusema ni asilimia ngapi ya sauti ya ngoma imetoka kwenye ngozi na ngapi kwenye mkono. Ondoa kimoja, hakuna sauti. Kwa hiyo unaponiuliza "damu au watu", jibu la kweli ni kwamba kwako wewe hata siku moja vitu hivyo viwili havikuwahi kufanya kazi kila kimoja peke yake.

Ulichozaliwa nacho tunakiita silika: wepesi wa kushtuka, kasi ya kuzoea jambo jipya, nguvu ya hasira na ya furaha. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwapa vitu wasivyovizoea, midoli inayoning'inia, sauti, harufu. Karibu wawili kati ya watano walitazama kwa utulivu. Karibu mmoja kati ya watano alirusha miguu, akajipinda, akalia. Watoto hao walipofuatiliwa, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujificha nyuma ya mzazi mgeni anapoingia. Utasema basi damu imeshinda. Subiri kidogo. Walivyozidi kukua, wengi wao hawakubaki na woga ule. Ila ilikuwa nadra mno mmoja wao kugeuka kuwa yule mtoto anayemrukia kila mgeni mapajani. Silika iliwazungushia ua. Mahali pa kusimama ndani ya ua haikuwachagulia.

Na hapo ndipo watu wanapoingia. Tumezoea kuiona jamii kama fundi aliyekaa na kipande cha mti, anachonga anachotaka. Picha hiyo inamfanya mtoto kuwa gogo, na hakuna mtoto aliye gogo. Ninavyoona mimi, baada ya miaka mingi ya kukaa na familia, jamii humjibu mtoto zaidi kuliko inavyomchonga. Mtoto anakuja na silika yake, watu wanaijibu, naye analijibu jibu lao, na mazungumzo hayo yasiyo na maneno yanarudiwa mara elfu kadhaa kabla hajafika umri wa kwenda shule. Haiba ni kile kinachobaki baada ya majibu hayo yote kukaa.

Tuyatazame kwako. Chukulia ulikuwa mmoja wa wale wanaoshtuka haraka. Mgeni anakuuliza jina lako. Unahitaji sekunde saba kukusanya ujasiri. Mtu mzima wa kawaida hasubiri hata tatu. Sekunde ya nne dada yako ameshajibu, kwa upendo kabisa, ili usiaibike. Mgeni ametosheka, wewe umepata nafuu, dada amesifiwa. Kila mmoja amefaidika, na ndiyo maana jambo hilo litarudiwa kesho. Lakini angalia kilichopotea: zamu moja ya kujifunza kwamba ukijibu hakuna kinachokuuma. Zamu moja si kitu. Zipoteze kila siku kwa miaka kumi, utakuta dada ni hodari wa kuongea na wewe ni hodari wa kunyamaza, na kila mtu nyumbani, wewe ukiwemo, anaamini mlizaliwa hivyo. Haya ndiyo niliyoyaona kwenye ile sentensi yako. Mlianza kugawana kazi tangu utotoni, na mkataba wenu haujawahi kuvunjwa.

Kisha likaja jina. Mwaka 1902 mwanasosholojia Charles Horton Cooley alieleza kwamba mtu hujiona kupitia watu, kama anayejitazama kwenye kioo: tunawaza wengine wanatuonaje, tunawaza wanatuhukumuje, halafu tunajisikia fahari au aibu kulingana na hukumu hiyo tuliyoiwaza. Jina la utani ni kioo kilichotundikwa ukutani moja kwa moja. Linamwambia mgeni asijisumbue kukuuliza, na wewe linakupa maelezo ya hofu yako kabla hujapata muda wa kuichunguza. Lakini madhara makubwa zaidi, na haya sijui kwa nini hayasemwi mara nyingi, huja siku mtoto anapoamua kuongea. "Jamani, leo Bubu kasema!" Nyumba nzima inageuka, wengine wanapiga makofi. Wanadhani wanamtia moyo. Kwa mtoto anayeogopa macho ya watu, hiyo ni faini. Amejifunza kwamba akinyamaza hakuna anayemwangalia, na akiongea anakuwa tamasha. Wewe ungechagua lipi?

Sitaki umwone shangazi yako kama mhalifu, maana nguvu ya jina nayo ina mpaka. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walimu waliambiwa kwamba wanafunzi fulani wanakaribia kuchanua kiakili, kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu, na baadhi ya wanafunzi hao kweli wakapanda kuliko wenzao. Habari hiyo ilienea dunia nzima na bado inasimuliwa kana kwamba matarajio ya mtu mzima ni uchawi. Tafiti zilizofuata zilikuta athari ipo, ila kwa kawaida ni ndogo kuliko ilivyotangazwa. Jina peke yake lisingekunyamazisha. Lilipata nguvu kwa sababu lilikaa juu ya silika iliyokuwa tayari, na juu ya dada aliyekuwa tayari kujibu.

Ukitoka nje ya nyumba kuna jibu kubwa zaidi, lile la jamii nzima kuhusu tabia ipi inapendwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Shanghai, China. Mtafiti Xinyin Chen na wenzake waliwachunguza watoto wa shule za msingi katika vipindi vitatu, mwaka 1990, 1998 na 2002. Mwaka 1990 mtoto mwenye haya alipendwa na wenzake, alipewa uongozi, alifanya vizuri darasani. Mwaka 1998 picha ilikuwa mchanganyiko. Kufikia mwaka 2002 mtoto mwenye haya zilezile alielekea kukataliwa na wenzake na kuwa na huzuni. Katikati ya miaka hiyo 12 jiji lilikuwa limeingia katika uchumi wa ushindani, na watu wakaanza kumthamini anayejitokeza na kujisemea. Silika za watoto haziwezi kubadilika kwa muda mfupi namna hiyo. Kilichobadilika ni jibu. Mtoto yuleyule, akizaliwa miaka kumi mapema au kuchelewa, angeitwa mwenye adabu au angeitwa mwenye tatizo.

Jambo hilihili, kwa kiwango cha nyumba, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess walikuwa wameshaligusa walipoanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto huko New York, jumla 133, hadi utu uzima. Walichoka kutafuta silika nzuri na mbaya. Wakaona kinachoamua ni kama silika ya mtoto inaoana na yale mazingira yanayodai. Mtoto mzito wa kuzoea akipewa muda hukua vizuri tu. Mtoto huyohuyo akiharakishwa kila siku huanza kuonekana mgonjwa. Ukielewa hilo, utaelewa pia kwa nini dada yako alilelewa nyumba moja na wewe na hamfanani. Mnasema mlikuwa nyumba moja. Ukweli ni kwamba yeye alikulia katika nyumba yenye mdogo mkimya, na wewe ulikulia katika nyumba yenye mkubwa msemaji.

(Usiniandikie kwamba ni kwa sababu yeye ni kifungua mimba. Mwaka 2015 watafiti walipitia taarifa za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakakuta nafasi ya kuzaliwa haiachi alama ya kudumu kwenye uchangamfu, upole wala utulivu wa moyo. Ukubwa na udogo ni vyeo vya nyumbani, na mtu akivuka kizingiti huviacha hapo. Mimi ni kitinda mimba. Nina mvi, lakini nikienda kwetu bado ndiye ninayetumwa kufunga mlango, na huwa naenda.)

Sasa swali la mume wako, ambalo najua aliuliza kwa mapenzi. Huigizi popote. Mwaka 2001 mtafiti William Fleeson aliwaomba watu warekodi mara kadhaa kwa siku, kwa wiki mbili hadi tatu, walivyokuwa wakitenda saa hiyo: wameongea kiasi gani, walijiamini kiasi gani. Mtu mmoja alipanda na kushuka mno ndani ya siku chache, karibu sawa na tofauti iliyopo kati ya mtu na mtu. Mkimya alikuwa na saa za kuongea sana, na msemaji alikuwa na saa za kujikunyata. Hata hivyo wastani wa kila mmoja, wiki hii na wiki ijayo, ulikaa palepale. Lugha yetu ina neno zuri la kulielezea hili: tabianchi. Mvua ikinyesha leo hatusemi nchi imebadilika, wala jua likiwaka kesho hatusemi mvua ya jana ilikuwa ya kuigiza. Siku hubadilika, na tabia ya nchi ni jumla ya siku zake zote. Wewe wa vikao na wewe wa mezani ni siku mbili za nchi moja.

Kwa nini basi siku ya pili tu unarudi ulikokuwa? Kwa sababu kila kitu pale kinakuuliza swali la zamani: kiti kilekile, sauti zilezile, dada anayevuta pumzi kabla wewe hujavuta. Kazini hakuna aliyekujua ukiwa na miaka 6. Walikukuta unaongoza, wakakujibu kama kiongozi, nawe ukalijibu jibu lao. Kwenu wanamjibu msichana ambaye hayupo tena, lakini wanamjibu kwa pamoja na kwa mazoea ya miaka 30. Kusimama peke yako mbele ya hilo ni kazi ngumu, na kushindwa kwako hakunionyeshi unyonge wowote.

Kuna kitu kimoja tu ningependa ujiulize kwa uaminifu, kwa kuwa barua haikusema. Ukinyamaza kwenu, unapumzika au unabanwa koo? Wapo watu wanaoongoza vikao wiki nzima wakirudi nyumbani wamechoka kabisa, na ukimya wa kwa wazazi ni mahali pekee wanapopumua. Kama ni hivyo kwako, usiutibu. Mwambie mume wako kwamba hapo ndipo unapopumzikia. Lakini ulisema ulitaka kumjibu shangazi ukashindwa, na hilo halisikiki kama mapumziko. Ukimya unaouchagua na ukimya unaokukamata vinafanana kwa nje tu.

Kama ni wa kukukamata, hujachelewa. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi imewakatisha tamaa watu wengi ambao bado ni wabichi kuliko wanavyodhani. Mwaka 2006 Brent Roberts na wenzake walikusanya tafiti 92 zilizowafuatilia watu kwa miaka, wakakuta haiba inaendelea kubadilika utu uzimani, na kwamba kipindi cha mabadiliko mengi ni kati ya miaka 20 na 40, pale mtu anapoingia kazini, anapooa au kuolewa, anapolea. Huna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, wewe mwenyewe ni mfano wa hilo. Ila nisikudanganye kwamba nia inatosha. Nathan Hudson na wenzake, mwaka 2019, waliwafuatilia wanafunzi wa chuo waliotaka kubadilika kwa wiki 15, kila wiki wakichagua vitendo vidogo vya kufanya. Waliovitekeleza walisogea kidogo upande walioutaka. Kukubali tu kuvifanya, bila kuvifanya, hakukuwasogeza.

Kwa hiyo tafuta kitendo kidogo, na kwa maoni yangu kitendo hicho kiko kwa dada yako, faraghani, kabla ya likizo. Usimshtaki. Mwambie: "Dada, ulinisaidia sana nilipokuwa siwezi kujibu. Sasa naweza, lakini nachelewa kidogo. Nikiulizwa kitu, niachie nijibu mwenyewe hata nikikawia." Madada wengi wakiambiwa hivyo hupata mshangao, na wengine, amini usiamini, hupata nafuu; naye amechoka kuwa msemaji wako. Mezani akijisahau, gusa mkono wake useme, "Hili nijibu mwenyewe." Mume wako naye ana kazi ngumu ya kutofanya kitu: asikujibie, asikusifie mbele ya watu ukishaongea. Na ujiandae kwa ubishi. Watu wakizoea nafasi yako, ukiisogeza watakurudisha kwa vicheko, "siku hizi umekuwa mwanasiasa." Ziara ya kwanza itakuwa mbaya pengine kuliko ya kawaida. Ipe tatu au nne.

Unaweza pia kuamua kuacha mambo yalivyo. Siku chache za ukimya kwa mwaka si msiba, na watu wengi wenye busara wameamua hivyo ili kulinda amani ya nyumba ya wazazi. Nisingekulaumu kama ungekuwa peke yako. Ila kuna mtoto wa miaka 6 anayekutazama ukijibiwa na mtu mwingine.

Tuje kwake. Huenda amechukua silika yako, na hilo halina dosari. Mtoto anayetazama kwanza kabla ya kusogea huona vitu ambavyo wenzake wenye pupa wanavikosa. Usijiwekee lengo la kumfanya msemaji. Lengo ni asizipoteze zamu zake. Katika kundi la Kagan, watoto wa silika ya kushtuka ambao wazazi wao waliwakinga na kila usumbufu ndio walioelekea kubaki na woga, na wale waliosukumwa taratibu, kwa upole na bila kuonewa huruma kupita kiasi, walilegea zaidi. Mzazi aliyewahi kuwa mkimya ana hatari yake hapa, na nakuambia kwa upendo: unaijua hofu hiyo kwa ndani, kwa hiyo mkono wako utakuwa mwepesi kumwokoa. Utamfanyia alichokufanyia dada yako.

Mgeni akimuuliza kitu, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi, na utaona ilivyo safari ndefu. Akijibu, hata kwa kutikisa kichwa, endelea na mazungumzo kana kwamba ni jambo la kila siku, hakuna makofi. Asipojibu, mrahisishie swali: badala ya "unasoma nini shuleni?" muulize "unapenda kuchora au kuimba?" Mfikishe sehemu zenye watu wengi mapema, wakati watu bado wawili watatu, ili umati umkute yeye badala ya yeye kuukuta umati. Mtafutie rafiki mmoja, usihangaike na kundi. Na mtu akisema mbele yake kwamba ana aibu, usikubali na usibishe, sema "bado anakutazama, akiwa tayari ataongea." Hapo umeeleza anachofanya saa hii, na hujamwambia alivyo.

Kabla sijaendelea, nichore mstari kati ya makosa ya kawaida ya malezi na mtoto kuumizwa kweli. Baadhi ya wazazi wakisoma haya huanza kuogopa kwamba kila kosa lao limemvunja mtoto. Mazingira yanayovunja kweli ni ya namna nyingine: kupigwa, kudhalilishwa kila siku, kukosa mtu yeyote wa kukujali. Katika mradi ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi walifuatiliwa, nusu yao wakahamishiwa kwa familia za malezi. Waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili hivi walipona zaidi katika mambo mengi. Huko ndiko jamii ilikokosa kutoa jibu lolote. Utani wa mezani haufiki huko, na nyumba yako hata haikaribii.

Kuna hali ambazo barua na simu havitoshi. Mpeleke binti yako kwa mwanasaikolojia wa watoto kama anaongea vizuri nyumbani lakini mahali fulani, hasa shuleni, hawezi kutoa sauti kabisa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza wa kuanza shule usiuhesabu, huo kila mtoto anaruhusiwa kuwa kimya. Mpeleke pia kama hawezi kumwambia mwalimu kwamba anataka kwenda chooni au ameumia. Hicho ni kizuizi cha hofu, hakina uhusiano na ukaidi, na hutibika kwa mazoezi ya hatua ndogondogo, mapema ikiwa bora zaidi. Kama amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au huwa hageuki akiitwa, nenda hospitali kwanza apimwe masikio na makuzi yake.

Wewe tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana kama wiki kadhaa kabla ya kwenda kwa wazazi unakosa usingizi, kama umeanza kukwepa misiba na sherehe, au kama ukimya wa nyumba ile umeshikamana na jambo ulilotendewa na mtu ambalo hukuliandika hapa. Hili la mwisho lisibebwe peke yako, na ushauri wangu wa kuzungumza na dada usiuanze kabla ya hapo. Na kwa yeyote mwingine anayesoma: mtu mzima akibadilika haiba ghafla, ndani ya siku au wiki, aliyekuwa mpole akawa mkali au mchangamfu akapoa, usitafute sababu kwenye malezi. Mpeleke kwa daktari, yapo magonjwa ya tezi na ya ubongo yanayoanza hivyo.

Limebaki la shangazi. Ni mkubwa wako, humkosoi mbele ya watu, na pengine ndiyo maana sauti ilikukauka. Basi usimkosoe, mwombe. Wiki hii, mtoto akishalala, mpigie: "Shangazi, naomba unisaidie jambo. Lile jina nililibeba muda mrefu kuliko mlivyojua. Huyu mtoto naomba mmwite kwa jina lake." Andika maneno hayo kwenye karatasi ukitaka, uyasome. Kwenye simu haoni.